Siku Niliyoongoza Zafa na Liwa Usoni

Wacha nikiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi atawasimulieni mtu mwengine na chumvi atatia ya kwake: yule mwanamke mwenye uso wa manjano aliyeonekana Ndia Kuu mchana kweupe akimvuta farasi (au akivutwa na farasi, inategemea wewe ulisimama upande gani) katikati ya zafa, wanaume peke yao wakimsindikiza bwana harusi, ni mimi. Mimi huyu Swabra mnayemjua, wa buibui lililopigwa pasi, karani wa ofisi ya kutoa mizigo kule Kilindini, mtu nisiyepandisha sauti hata muuza samaki akinipunja. Chekeni kwanza. Mkishamaliza niambieni niendelee.

Mume wangu Athmani ana farasi mmoja, Maringo, mweupe kama maziwa, na kazi ya Maringo ni kuwabeba mabwana harusi. Mji wa Kale wote wamjua. Akishavishwa shada la maua na kusikia dufu, hukunja shingo na kunyanyua miguu kwa madaha mpaka ungedhani anayeoa ni yeye. Basi siku moja akitoka harusini alitia mguu kwenye mtaro uliovunjika mfuniko, akarudi nyumbani akichechemea, na kulipokucha mguu wa mbele ulikuwa umefura kama ndizi mkono wa tembo.

Tukamwita daktari wa mifugo, Daktari Mwende, mama wa Kitui asiyecheka ovyo. Akauinua mguu, akaupapasa, akaushusha taratibu kama mtu anayeweka glasi mezani.

"Ni kano limevutika," akasema. "Akae bandani. Asikimbie, asipandwe, asirukeruke. Mkimharakisha, huyu hatabeba mtu tena maisha yake."

Athmani aliposikia hivyo alikaa kitako pale pale kwenye majani, na kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nimeolewa na huyu bwana miaka mingi na sijawahi kumwona akilia, lakini siku hiyo alijipangusa macho na mkia wa farasi. Nikajua hapa pana kazi.

Na kazi yenyewe ikaniangukia mimi, kwa sababu likizo yangu ndiyo ilikuwa imeanza (likizo niliyokuwa nimeipangia kulala). Kumkanda barafu asubuhi, kumkanda jioni, kumfunga bandeji, kumbadilishia majani. Hayo si kitu. Shida ni kwamba farasi aliyezoea kushangiliwa, ukamfungia bandani, hushikwa na upweke, na upweke wake huutoa kwa meno. Alitafuna mlango. Alivuta leso yangu mpya kambani akaila pindo zima. Alipiga mateke ukuta mpaka Bi Rehema, jirani yetu wa ghorofani, akafungua dirisha na kusema, "Swabra, mwanangu, huyu farasi wenu yuwasali na mimi au yuwashindana na mimi?" Nikamwekea redio. Taarabu ikipigwa alitulia kama mtoto aliyeshiba, taarifa ya habari ikianza tu, teke! Kwa hivyo nikawa mimi ndiye wa kumkimbilia kubadilisha stesheni, na mikono yangu ya mapishi.

Baada ya majuma mengi ya namna hiyo, hata likizo imeniishia, uvimbe ukashuka. Daktari Mwende akaja, akapapasa tena, akaitikia kwa kichwa. "Sasa mtembezeni kidogo kidogo, kwa kamba fupi, taratibu. Hapo uani. Uani, mmenisikia? Si kwengine. Farasi aliyefungiwa muda mrefu ana moto mwilini."

Tukamsikia. Kweli tulimsikia. Mimi hasa nilimsikia vizuri sana.

Basi ikafika harusi ya Salim, kijana wa Bwana Abdalla, ambaye ni mkubwa wangu kazini. Huyu Salim tangu mdogo alikuwa akisema siku yake ya kuoa atampanda Maringo, na ilipobidi tumwambie haiwezekani, uso ulimshuka, ingawa alijibu kwa adabu, "Mnyama kwanza, mjomba Athmani. Mimi nina miguu." Ikaamuliwa zafa itakwenda kwa miguu mpaka msikitini baada ya alasiri. Athmani akavaa kanzu na koti, akenda zake. Mimi nikabaki nijitayarishe kwa shughuli ya wanawake ya jioni.

Na kujitayarisha, mwanamke wa hapa ajua, ni liwa, ule msandali uliosagwa wa kujipaka mwilini. Bi Rehema alinichanganyia mwenyewe, kwa marashi ya waridi, na manjano akatia kwa mkono wa ukarimu. Nikajipaka uso, shingo, mikono mpaka viwikoni. Nywele nikazifunga rola, juu yake nikakaza leso, kichwa kikawa kama fenesi. Nimevaa dera la nyumbani lililopauka, miguuni champali moja nyekundu na moja ya Athmani. Kilichobaki ni kungoja liwa ikauke.

Pale ndipo akili yangu ilipofanya ujanja. Nikasema, liwa yataka muda, na Maringo bado hajatembezwa leo. Si nimtembeze huku nikikauka? Lakini uani nilikuwa nimeanika mablanketi yote ya nyumba, hata mbuzi asingepita. Nikachungulia kichochoroni: kimya, hapana mtu, wanaume wote wako harusini, wanawake wote wamejifungia kama mimi. Nikasema namtoa hapo mlangoni tu, mpaka kona, tunageuka, tunarudi.

Dirisha la juu likafunguka. "Swabra! Wendapi na uso huo?"

"Hapa hapa tu, Bi Rehema! Narudi sasa hivi!"

(Narudi sasa hivi! Maneno hayo mpaka leo Bi Rehema hunitupia kila nikifungua mlango.)

Mwanzo alikwenda vizuri, kichwa chini, mguu anauweka sawa, nami moyo ukafurahi. Tukafika kona. Na mara, kutoka upande wa Kibokoni, dufu likalia.

Jamani. Masikio yakasimama. Shingo ikajikunja. Pua zikafunguka kama mitungi. Mnyama aliyekaa majuma kwa majuma akisikiliza redio, leo kazi yake inamwita kwa jina! Akanyanyua miguu, ile miguu ya madaha, akaondoka, nami nyuma ya kamba nikisema, "Polepole! Mguu! Mguu wako, Maringo!" kama atanijibu. Mtaniuliza kwa nini sikumwachia. Ningemwachiaje? Nikimwachia atapiga mbio, na akipiga mbio kano limekwenda, na mimi nilimwona Athmani akilia na mkia mkononi. Nikajitundika kwenye kamba kwa uzito wangu wote (na Mungu hakuninyima uzito), champali ya Athmani ikabaki Kibokoni, na ndivyo tulivyotokea Ndia Kuu.

Hapo tukakutana na kundi la watalii waliotoka Ngome ya Yesu, na mbele yao kijana mwenye kazi ya kuwatembeza, ambaye hanijui wala simjui. Wakasimama wote. Simu juu. Yule kijana alinitazama, akamtazama farasi, akameza mate, kisha nikamsikia akiwaeleza kwa Kiingereza, bila haya hata chembe, kwamba hii ni mila kongwe ya Waswahili, mwanamke aliyepakwa manjano humleta farasi wa bwana harusi ili kuondosha husuda. Mzungu mmoja akaniinamishia kichwa kwa heshima. Nami, kwa vile nimelelewa vizuri, nikamjibu kwa kichwa huku nikiburutwa.

Mbele kidogo, zafa. Kanzu nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta, dufu, kasida, Salim katikati na joho lake. Maringo akapenya. Watu wakafunguka kushoto na kulia, yeye akenda moja kwa moja mpaka kwa bwana harusi, akasimama ubavuni pake kama alivyofunzwa, akainamisha kichwa. Dufu likanyamaza. Kasida ikakatika katikati. Wanaume wote wa Mji wa Kale wakanigeukia.

Athmani akaja mbio, macho yamemtoka. Akashika kamba, akaniuliza kwa ukali, "Wewe dada, farasi wangu umemtoa wapi?"

"Athmani," nikanong'ona, "ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mkeo!"

Wallahi watu waliangua kicheko mpaka mpiga dufu akaegemea ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kabla haijapasuka, mtu nyuma akapaza sauti, "Farasi amepona! Bwana harusi apande!" Na wenziwe wakadakia, "Apande! Apande!" Vijana wawili wakamshika Salim mapajani tayari kumnyanyua, na Salim mwenyewe nikamwona macho yanang'aa, na Athmani kachanganyikiwa, aona haya kuwakataza mbele ya umma ule.

Hapo, sijui nilipata wapi. Mimi nisiyepandisha sauti nikaingia katikati ya bwana harusi na farasi, nikatandaza mikono yangu ya manjano, nikapiga ukelele: "Hapandwi! Huyu ana kano bovu! Atakayetia mguu juu ya farasi huyu leo, kwanza anipande mimi!"

(Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya imamu. Mbele ya wazee.)

Kisha sauti nzito ikatoka kando. Alikuwa Bwana Abdalla. "Sauti hii naijua. Si Swabra wa ofisini kwangu?"

"Ndiye, bwana. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bwana." Liwa ilikuwa imeanza kupasuka na kuanguka vipande vipande.

Aliyeniokoa ni Salim. Alijitoa mikononi mwa vijana, akaweka kiganja chake shingoni mwa Maringo, akacheka. "Sipandi. Lakini kutembea naye taratibu si ruhusa? Twende ubavu kwa ubavu." Wote wakaitikia takbiri, dufu likalia, Athmani akavuta kamba, na Maringo akagoma. Akavuta tena. Wapi! Majuma yote yale aliyekuwa akimkanda na kumbadilishia stesheni ni mimi, na bila mimi hasogei. Ikabidi nishike kamba. Na ndivyo zafa ya Salim bin Abdalla ilivyofika msikitini: mbele mimi, champali moja, kichwa fenesi, nyuma yangu farasi na bwana harusi, wote kwa mwendo ule ule wa daktari, na nyuma kabisa watalii wakiujua ukweli wote wa mila yetu.

Jioni nilipoingia kwenye shughuli ya wanawake nilipokewa kwa vigelegele vingi kuliko bibi harusi. Picha zangu zilikuwa kwenye kila simu.

Kesho yake Daktari Mwende akaja, akapapasa mguu muda mrefu. "Mguu haujafura," akasema. "Ulimwendesha taratibu, hukumwachia, hapo ulifanya vyema. Lakini nilisema uani." Kisha yule mama asiyecheka ovyo akatoa simu yake, akaitazama, akaenda kusimama nyuma ya banda, na mabega yakimtikisika.

Maringo alipona kabisa na akarudi kazini. Majuzi akaja mama mmoja wa Tononoka kumtaka kwa harusi ya mwanawe, wakakubaliana kila kitu, naye akainuka, akasita mlangoni, akamuuliza Athmani, "Na yule mwanamke wa manjano, yeye huja pamoja na farasi?" Na mume wangu, badala ya kujibu, akageuka akanitazama mimi kama mtu anayefikiria!

Nimeapa, nanyi ni mashahidi: siku nyengine nikijipaka liwa nitakaa kitako, nitulie, nikauke, hata farasi aimbe.