Gari Isiyolala Kwenye Kona

Juzi, pale Makutano, nilimwona fundi akifungua stabilaiza, kile chuma kilichopinda chini ya gari kinachoizuia kulala kwenye kona. Harufu ya grisi na raba mpya ikanirudisha nyumbani kwetu Majimbo, mchana ule baba alipojilaza chini ya gari yetu akifunga stabilaiza nene kuliko ya zamani.

Nilidhani anataka kushindana mbio. Mama alikuwa mgonjwa, na alitaka kupelekwa Meru kwa nyanya, mamake. Kila gari ilipolala kwenye kona, alishika tumbo na kulia.

Baba alipomaliza, aliweka mto kwenye kiti cha nyuma. "Lala hapo vile mama hulala," akaniambia. "Nikikata kona, uniambie kama umeteleza."

Tulizunguka mtaa mzima nikicheka. "Hata kidogo, baba!" Sikuelewa kwa nini alijipangusa macho kwa mkono wenye grisi.

Tuliondoka mara moja, mimi nikiwa mbele na mama amelala nyuma. Barabara ya Meru ilishuka hadi mtoni, ikapanda, ikashuka tena. Mwanzoni mama aliguna. Baadaye akanyamaza, kona baada ya kona, nami nikazidi kujivunia baba.

Tulipofika kwa nyanya, nilimgusa baba begani. "Baba, hiyo chuma yako imefanya kazi. Mama hajalia tena."

Baba alizima gari. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, na hakugeuka nyuma.