Nilivyomuua Mzee Hamadi kwa simu

Mtaa mzima wa Buyenzi umeshanicheka, kwa hiyo na nyinyi chekeni tu.

Nilikulia huko, jirani na Mzee Hamadi, fundi wa magari aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Siku hizi naishi mtaa mwingine, Kinindo, na Buyenzi yangu imebaki kwenye grupu ya majirani kwenye simu. Huko mi ni bingwa: kukiwa na harusi natuma maua, kukiwa na msiba natuma uso unaolia, basi, ujirani nimeumaliza.

Ijumaa nikaona Zuhura, binti wa mzee, amebadilisha picha yake. Ameweka ya baba yake katika kanzu nyeupe. Kwetu mtu haweki picha ya mzazi hivi hivi. Ukiiona, ujue amefariki. Sikupiga simu kuuliza. Nilitaka niwe wa kwanza, nikaandika: "Inna lillahi! Tumepoteza baba yetu." Grupu ikajaa vilio.

Safari hii niliona aibu kuishia kwenye simu. Nikabeba mchele, nikaenda. Njiani simu ililia mfululizo. Nikadhani ni pole zinaongezeka. Pale kwao hapakuwa na turubai wala watu. Nikasema, maskini, wameshaenda makaburini. Nikabisha hodi huku machozi yananitoka.

Akafungua Mzee Hamadi mwenyewe, simu ya Zuhura mkononi.

"Apana kulia, mutoto wangu. Zuhura alipenda tu kanzu yangu mupya." Akaupokea mchele, akanitazama. "Lakini niambie. Ilibidi nife kwanza, ndiyo uje kuniona?"