Pazia la Upande wa Kitanda

Fundi redio alijiundia kifaa cha kuendesha mota ya pazia, ili mkewe, mgonjwa wa kitandani, apate mwanga bila kumwita mtu. Mezani mota ilizunguka kama pia. Ikifungwa kwenye pazia, ilivuma, ikatetemeka, ikagoma. Akabadilisha nyaya, akaongeza umeme, wapi!

Leo, siku ya tisa tangu wamzike mkewe, ndipo alipong'amua kosa: alikuwa akiikurupusha ianze kwa kasi. Akaipangia ianze taratibu, kisha ichanganye mwendo. Pazia likafunguka lote, jua likaangukia godoro tupu.

Mdogo wa marehemu, aliyekuwa akikunja nguo za dada yake, akauliza, "Shemeji, sasa unamfungulia nani?"

Fundi hakugeuka. "Ngoja kwanza," akasema, "nione kama linafungika."