Mlango wa Stoo ya Kahawa

Siku hizi nikisikia harufu ya gunia la kahawa kavu, macho yangu hutafuta mlango kabla sijajua ninawaza nini.

Nilipokuwa mdogo, watu wa filamu walikuja kijijini kwetu Githongo wakaipenda stoo yetu ya mbao. Walitaka mtoto afungiwe ndani, amwite baba yake, wakanichagua mimi. Mama aliinama akaninong'oneza kwa Kimeru, “Ukiogopa, niite mimi. Nitafungua.”

Mwongozaji wao aliwageukia majirani. “Nikisema kimya, hata kuku asilie!”

Komeo likapigwa kwa nje. Magunia yalinibana mbavu, vumbi likanijaa kooni, na kamera ikanichungulia mahali walipong'oa ubao. Baba wa filamu nilimsahau kabisa. Nilimwita mama, kwa Kimeru, mpaka sauti ikakauka. Katika ufa niliona sketi yake ikisogea, kisha mkono wa mwongozaji ukamzuia.

“Ngoja, mama. Hapo hapo analia vizuri.”

Mara bodaboda ikapita barabarani ikinguruma. Mwongozaji akajipiga paja kwa hasira. Sauti waliyokuwa wakirekodi ilikuwa imeharibika.

Nilipofunguliwa, mama alinipangusa kamasi kwa leso yake. Majirani wote walikuwa wanatutazama, bado kimya.

“Turudie,” mwongozaji alisema. “Mara moja tu, mama.”

Niling'ang'ania sketi yake. Mama aliwatazama majirani, akanibandua vidole polepole, akanirudisha katikati ya magunia. Safari hii, komeo alilipiga yeye mwenyewe.