Jibu Lililofika Baada ya Kilio

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba, na tangu siku hiyo ni yeye aliyenisuka nywele na kunipeleka shule kwa miguu, pale Musonoi, ambako mabati ya nyumba hutikisika kila wanapolipua mwamba mgodini. Kwa jasho lake nilisoma mpaka nikapata kazi ya maabara katika hospitali moja ya Kolwezi.

Siku aliyokuja kuniona kazini, alingoja wagonjwa waishe. Kisha akafunga mlango, akalegeza kikwembe alichojifunga, akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye ziwa lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama kokwa la parachichi.

“Tangu wakati gani, yaya?”

“Tangu mbele ya mvua. Nilifikiri itaisha yenyewe.”

“Na juu ya nini haukuniambia?”

“Uko na kazi mingi, mudogo wangu.”

Daktari wa upasuaji alikata kipande kidogo cha uvimbe ule. Alinieleza kwamba siku hizi haitoshi kujua tu kwamba mtu ana saratani. Katika maabara kubwa wanakipaka kipande kingamwili zinazotafuta alama fulani kwenye chembe za uvimbe. Alama ikionekana, iko dawa iliyotengenezwa kwa chembe hai, inayoifuata alama hiyohiyo na kuipiga. Nilirudi nyumbani nina furaha, kana kwamba yaya alikuwa amekwisha kupona.

Sasa niseme nilichofanya. Kipande kama hicho huhifadhiwa ndani ya formalini ili kisioze. Siku ile formalini ilikuwa imetuishia, na gari la kwenda Lubumbashi lilikuwa linaondoka. Nilijua maji ya chumvi hayafai kwa safari ndefu. Lakini nilijiambia kwamba kipande kingefika jioni ileile, na sikutaka yaya angoje hata siku moja zaidi. Nikakitia kwenye maji ya chumvi, nikaandika jina lake vizuri, nikakabidhi. Gari likaharibika njiani, pale Tenke, likakaa huko siku tatu kwenye joto.

Jibu lilirudi baada ya majuma matatu: kipande kimeoza, hakisomeki.

Nilikwenda kwake kumwambia. Alikuwa amekaa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilisema yote, sikuficha, nikilia kama mtoto. Aliendelea kuchambua majani yale kwa muda mrefu.

“Basi bakate tena,” alisema mwishowe. “Uache kulia. Mutoto wangu atasikia.”

Walikata tena. Safari hii nilipanda basi mimi mwenyewe mpaka Lubumbashi, chupa iko mapajani, formalini imejaa hadi shingoni. Kule waliniambia kwamba kujua kama ni saratani wanaweza, ila kipimo cha alama hufanyika ng’ambo. Tungoje.

Tulingoja. Walithibitisha saratani, wakamwanzishia dawa ile ya kawaida inayopiga kila kitu mwilini, na nywele zake, zile alizozipenda kupita kiasi, zikatoka zote. Halafu kikohozi kikaanza. Kila asubuhi aliniuliza, “Barudisha jibu?” Nilipojibu bado, alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Juma la mwisho hakuuliza tena. Alikufa Jumanne, kabla ya adhuhuri, mimi na binti yake tukimshika huku na huku.

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi, jibu likaingia kwenye simu yangu nikiwa kwenye darubini nahesabu vijidudu vya malaria. Alama ilikuwepo. Ilikuwepo kwa wingi. Ugonjwa wake ulikuwa hasa ule ambao dawa ile mpya ilitengenezewa.

Nilimpelekea daktari. Alisoma, akavua miwani.

“Hata ingekuja mapema, mama, ile dawa hapa kwetu haiko.”

Alitaka kunifariji. Lakini mimi nilijua kwamba kama ningekuwa na jibu mkononi miezi miwili kabla, ningegonga kila mlango Kongo hii.

Binti ya yaya, mwenye miaka ishirini, nilimsomea jibu lile neno kwa neno, pamoja na habari ya maji ya chumvi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, “Mama alijua?” Nikasema alijua. Akainuka, akatoka. Kwa miezi mitano hakukanyaga kwangu wala hakujibu simu.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama kwenye foleni ya maabara kama mgonjwa yeyote. Daktari alikuwa amemshauri apimwe kama amerithi kasoro ya kuzaliwa nayo, kwa kuwa mama yake aliugua bado kijana.

“Kuko mwengine wa kunitoa damu?” aliuliza.

“Leo niko peke yangu.”

Alinyoosha mkono, akatazama ukutani. Nilitafuta mshipa mara mbili, mimi ambaye sikosi.

Majibu yalipofika, hawakuwa wameona kasoro waliyoitafuta. Nilimpigia, na safari hii alipokea. Nilimweleza polepole, nikamwambia pia ajichunguze kila mwezi, asifiche kitu.

“Aksanti, mama mudogo,” alisema, akakata.

Hajarudi nyumbani kwangu mpaka leo.