Ng'ombe wa Njinjo na Hesabu Yangu ya Jumanne

Mwanangu, kabla hujaenda kuripoti kwenye kazi yako ya mifugo, acha nikiri jambo nililolikana kwa miezi: zile mbegu za dume zilifia mikononi mwangu, na nilijua zimekufa.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikapelekwa Njinjo kupandisha ng'ombe wa nyama wa kijiji kwa mrija, bila dume. Kundi lilikuwa chini ya mchungaji, Mzee Mbonde.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Unawachoma sindano majike wote waingie joto pamoja, kisha unawapandisha siku moja, bila kushinda unachungulia nani anataka dume. Ndama huzaliwa karibu pamoja, majani yakiwa tele, tena wa dume bora ambaye kijiji hakiwezi kumfuga.

Sindano ya mwisho niliipiga Jumanne adhuhuri. Mzee Mbonde akahesabu vidole.

"Siku tatu ndipo uwapandishe, umesema?"

"Kamili, mzee."

"Hiyo Ijumaa adhuhuri, mwanangu. Nani atakushikia ng'ombe?"

"Sayansi haijui Ijumaa." Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu.

"Haya. Sisi tunaijua."

Ijumaa asubuhi wanaume walijaa zizini, nikajiona mshindi. Adhuhuri ilipokaribia nikatoa mirija yote ya mbegu kwenye mtungi wa baridi kali, nikaitia katika maji ya uvuguvugu. Mara adhana. Zizini tukabaki mimi na ng'ombe. Na mbegu zikishayeyuka hazikawii kufa.

Waliporudi na kanzu zao, mmoja akaniuliza, "Bibi Mifugo, sayansi imeshaswali?" Hapo nilipaswa kusema tumeharibu. Badala yake nikavaa glavu, nikapandisha kundi zima kwa uso mkavu.

Miezi mitatu baadaye nikawapima: hakuna hata mmoja mwenye mimba. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mchungaji alichelewesha ng'ombe. Kamati ya kijiji ikapanga kumpokonya kundi Jumatatu. Mzee hakunigombeza.

"Hawa nimewalea tangu ndama," aliniambia. "Nikinyang'anywa, utawachunga wewe, unayemkimbia hata mtamba?"

Nilicheka, kisha chakula cha jioni kikanishinda.

Njia ile ina faida kweli, mwanangu, ila gharama yake si dawa na mtungi tu. Inataka ng'ombe walioshiba, zizi imara, na mikono ya watu saa ileile uliyoipanga. Umeweka kundi zima kwenye adhuhuri moja. Ikikuponyoka, umepoteza msimu. Basi waulize wenyeji wana shughuli gani siku hiyo. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa halijabandikwa jina la mtu mwingine. Mungu akujaalie mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi wa kukiri.

Mimi ulimi wangu ulifunguka Jumamosi. Nilidandia lori hadi posta ya Kilwa Masoko, nikaomba simu ya Lindi, kwa mkuu wangu wa kazi. Laini ilikoroma vibaya, ikabidi nikiri kwa kupiga kelele, posta nzima imetega sikio.

"Mkuu, si mchungaji! Mbegu zilikufa!"

"Nani kaziua?"

"Mimi!"

"Nani? Sikusikii!"

"MIMI!"

Nikamsikia anacheka.

"Na kuna aliyekuonya?"

"Mzee Mbonde!"

"Basi namwambia mwenyekiti leo hii: Mbonde anabaki na ng'ombe wake. Wewe utarudia kazi. Na siku ataichagua yeye."