Mwalimu Hajasikia Vizuri

Mwalimu wa binti yangu, wa darasa la kwanza, ana vidole vyeupe kwa chaki hadi kwenye kucha, na sauti inayokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mashtaka ya watoto hayataki kabisa. "Hapa si mahakamani!" huwakemea, nao hurudi kukaa. Kila asubuhi huita majina. Akifika kwa binti yangu, ambaye tangu muhula uanze hajatamka neno shuleni, huweka kalamu chini na kusubiri kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kisha huweka alama na kusema, "Yupo." Hajawahi kuniambia mwanangu ni bubu, hayo nimeyasikia kwa majirani.

Jana nilimpelekea binti daftari alilolisahau nyumbani. Nikiwa bado mlangoni, nikamsikia akipaza sauti: "Mwalimu, huyu kakalia kifutio changu!" Darasa zima likamtazama mwalimu, likingoja kemeo. Mwalimu akageukia ubao, akaufuta polepole, na ubao wenyewe ulikuwa safi. Alipogeuka, alikuwa na chaki chini ya macho.

"Umesemaje, mama? Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia, hata mimi kule mlangoni nilisikia. Binti yangu akashika kiuno, akarudia yote, safari hii kwa ukali.